Chupa Mbili, Sahani Moja

Mwezi uliopita nilirejesha ufunguo wa kabati la dawa, kitambulisho cha shingoni, na vespa ya ofisi, ambayo fundi aliifahamu kuliko nilivyoifahamu mimi. Nimestaafu. Vijana wa kitengo waliniandalia keki yenye jina langu lililokosewa herufi, kisha wakanitaka niwaandikie kidogo kazi ilivyokuwa, maana wao wamekuta kila kitu kimo ndani ya kishkwambi. Nimekubali kwa sharti kwamba sitazungumzia vyeo wala mshahara. Vyeo vilinipita mbali, na mshahara ulinipita haraka. Nitasema mambo ya kazi yenyewe, kwa sababu kazi yenyewe naionea fahari, na kwa umri huu sioni haya kulisema hilo.

Niliingia kwenye utafiti bila kujua nimeingia wapi. Nilikuwa muuguzi kijana wa wodi ya watoto nilipoambiwa nimehamishiwa kitengo cha utafiti, kilichokuwa juu kabisa ya jumba kuukuu la Mji Mkongwe, kwenye ngazi za mbao zinazotosha peke yake kumpandisha mtu shinikizo la damu. Nilidhani utafiti ni kukaa na vitabu. Siku ya kwanza nikavaa viatu vizuri. Kabla ya adhuhuri nilikuwa kwenye uwanja wa skuli moja ya shamba, viatu vimejaa mchanga, mikononi nimebeba kreti ya vikombe vya plastiki, nikiwasubiri watoto wakojoe.

Ulikuwa utafiti wa kichocho. Mayai ya minyoo ile hutoka kwa wingi kwenye mkojo jua likikaribia utosi, hasa mtoto akishakimbia, kwa hiyo tuliwakimbiza kwanza kuuzunguka uwanja, kisha tukawapa vikombe. Mkubwa wangu alikuwa Sista Perpetua, mwanamke mwembamba aliyezaliwa hapahapa mjini, mitaa ya Ng'ambo, kwa wazee waliotoka bara, mwenye msalaba mdogo shingoni na Kiswahili cha mjini kuliko changu. Mimi niliwekwa kwenye safu ya wasichana. Nilifurahi sana kuona safu yangu imejaza vikombe vyote mapema, na safu ya wavulana bado inalalamika kwamba haijisikii.

Perpetua hakufurahi. Alivishika vikombe vyangu kimoja kimoja akaviinua kwenye mwanga, akaniita. Vikombe kadhaa vilikuwa na rangi ileile na uvuguvugu uleule. Aliwauliza wasichana taratibu, nao wakajibu bila woga kwamba mwenzao mmoja alikuwa nao mwingi na wao hawakuwa nao, basi akawapa. Hawakuona kosa lolote. Wamefunzwa tangu wanatambaa kwamba mwenye nacho humgaia asiye nacho, na hakuna aliyewaambia kuwa mkojo haumo.

Tulivimwaga vikombe, tukawanywesha maji, tukawakimbiza tena. Njiani kurudi mjini Perpetua aliniambia maneno niliyoyabeba mpaka nastaafu. "Zuwena, andika ulichokiona, usiandike ulichokitamani. Na ujue unafanya kazi na watu wasioweza kumwacha mwenzao mikono mitupu."

Yeye ndiye aliyenifunza kupima shinikizo la damu, kwa mashine ya zebaki iliyokaa ndani ya sanduku lake kama kinanda. Nyinyi mnabonyeza kitufe, mashine inajaza upepo yenyewe na kukuandikia tarakimu. Sisi tulikamua mpira kwa mkono na kusikiliza kwa masikio. Lakini Perpetua hakujali sana mashine, alijali mtu. Mwache aende chooni kwanza. Mkalishe, mgongo uegemee, miguu iguse chini. Usimsemeshe, na hasa usimuulize habari za mumewe. Pima, subiri, pima tena. Alikuwa akisema kipimo cha kwanza ni cha ngazi alizopanda, cha pili ndicho chake mwenyewe. Nimewaona vijana wakipima mara moja huku wanajibu ujumbe wa simu. Nanyamaza, lakini si kwamba sikuona.

Baadaye ikaja miaka ya malaria. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiwatoboa watu vidole, na kila tulikokwenda uvumi ulikuwa umeshatangulia kwamba damu inauzwa. Kwenye soko la Mwanakwerekwe mama mmoja muuza mbatata alinishika buibui mbele ya wateja wake akataka nimwambie damu yao naipeleka wapi. Nilijitoboa kidole changu kwanza pale pale kwenye meza yake, kisha nikamchukua mpaka maabara aitazame yake mwenyewe kwenye darubini. Alitazama muda mrefu. Akasema damu yake ni nzuri kuliko alivyodhani, akarudi sokoni kunipigia debe, na wiki ile sikukataliwa na mtu.

Nawaambia, hakuna furaha kama ile ya kukaa kutwa macho kwenye darubini, slaidi baada ya slaidi, usione kimelea hata kimoja. Nilianza kazi wodi ya watoto ikiwa imejaa watoto wenye homa, wawili wawili kitandani. Nikaja nikaona vitanda vilevile vimetandikwa, havina mtu. Sikuyafanya hayo peke yangu, lakini nilikuwemo, na hilo haninyang'anyi mtu.

Nimepita pia kwenye matende, kisukari, chanjo na macho ya wazee. Kila utafiti ulikuja na ratiba yake iliyopangwa na watu wa mbali, na kila ratiba ilipofika Unguja ilikuta watu wana ratiba yao. Kuna mmoja ulitaka mama aliyejifungua alete mtoto kliniki kabla hajatimiza arubaini. Tulikaa tukawangoja na feni linazunguka, hakuja mtu. Tukachukua mizani tukawafuata majumbani kwao, na walitukaribisha vizuri. Lakini nataka niwahadithie mmoja tu kwa kirefu, kwa sababu ndio nilioupenda na ndio ulionitia mashakani.

Ulikuwa utafiti wa vidonge vya kuzuia kifafa cha mimba. Kila mjamzito aliyekubali alipewa chupa. Baadhi ya chupa zilikuwa na dawa, nyingine zilikuwa na vidonge vitupu vyenye sura ileile, na ipi ni ipi hakujua mama, sikujua mimi, wala hakujua Daktari Salim aliyekuwa akituongoza. Sababu mnaijua: mtu akijua anachomeza, moyo wake hutangulia kabla ya mwili, na sisi tunaompima mioyo yetu pia haina adabu. Na wakati ule kweli hatukujua kama dawa ile ingewafaa wanawake wetu; tungejua, tusingehangaika kutafiti. Kueleza mambo hayo nilikuwa hodari, nasema bila kujivunga. Nilieleza polepole kwa Kiswahili cha jikoni, na mama hakutia sahihi mpaka anirudishie maelezo yangu kwa maneno yake mwenyewe.

Kwenye nyumba moja ya Jang'ombe niliandikisha wawili siku moja. Saumu alikuwa mkimya, mtu wa kukujibu kwa macho. Mimba yake ya kwanza iliishia kwenye ugonjwa huohuo: alianguka jikoni akitetemeka, akazindukia spitali, mtoto ameshazikwa. Wa pili alikuwa wifi yake Maryam, dada wa mumewe, mwanamke wa maneno mengi na afya yake, mwenye mimba ya tatu. Mume wa Saumu alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya Paje, akija nyumbani siku za mapumziko tu. Mume wa Maryam alikuwa baharini. Kwa hiyo nyumba waliiendesha wifi hao wawili, na mimba zao zilipishana kidogo tu.

Kila wiki niliwafuata nyumbani. Nilipima shinikizo, nikapima mkojo, nikahesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa. Hesabu yao ilikuwa sawasawa kila mara, nami niliwataja kwa sifa mbele ya wenzangu ambao wateja wao walisahau vidonge dirishani.

Ikaingia Ramadhani. Daktari aliwashauri wasifunge, lakini jikoni kazi haikupungua. Jioni moja baada ya alasiri nilipiga hodi, nikaambiwa nipite uani. Mkeka umetandikwa, muhogo wa nazi unatoka mvuke, tambi zimeshapakuliwa, na pembeni sahani za kupelekea majirani zimepangwa, kila moja imefunikwa kawa. Kati ya sahani hizo ilikuwapo moja ndogo isiyokuwa na kawa. Juu yake kulikuwa na vidonge vyeupe, na kando yake chupa mbili zangu ziko wazi. Maryam alikuwa na kisu kidogo anakata kila kidonge katikati, nusu huku, nusu huku.

Nilimuuliza anafanya nini. Hakushtuka hata kidogo.

"N'nakata, Bi Zuwena. Kila siku n'nakata." Akaendelea kukata. "Si wewe uliyetwambia chupa moja huenda haina kitu? Sasa mimi nimeze dawa nzima na wifi yangu ameze unga, na yeye ndiye aliyezika? Au apate yeye, mwanangu mimi akose? Twachanganya. Kila mtu apate nusu ya hichi na nusu ya hicho. Hapo hapana aliyedhulumiwa."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Niliikumbuka ile kreti ya vikombe vya uvuguvugu, karibu nicheke. Nilikuwa nimewaeleza vizuri sana. Walinielewa kila neno, kisha wakafanya kile ambacho mtu muungwana wa Jang'ombe hufanya akiambiwa kwamba sahani moja imejaa na nyingine tupu.

Niliwaeleza kwamba sasa utafiti hauwezi kujua nani alikula nini. Maryam alianza kuzitetea hoja zake upya, lakini Saumu alimgusa mkono anyamaze. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema maneno mengi kwa mpigo.

"Mtatutoa? Mie hivyo vidonge sivijui, Bi Zuwena. Vichukue. Lakini hiyo mashine yako usiniondolee. Siku unayokuja ukanipima ndiyo siku n'nayopata usingizi."

Hapo ndipo nilipojua hasa jambo lilipo. Kanuni ilikuwa mimi nitoe taarifa, na taarifa ikifika ng'ambo, wakubwa wangeweza kuwafuta wote wawili, vidonge na ziara pamoja. Kliniki ya mtaa ilikuwepo, lakini foleni yake ilikuwa ndefu na kipimo chake kilikuwa cha mara moja kwa mwezi. Mwanamke aliyewahi kuanguka jikoni hawezi kungoja mwezi. Nilikuwa pia na njia nyepesi: kunyamaza. Hesabu ya chupa ilikuwa sawasawa, na hakuna mtu duniani angejua.

Sikuwaahidi kitu. Niliondoka futari ikiwa bado, na asubuhi nilipanda ngazi zile nikamwambia Daktari Salim kila kitu, pamoja na kisu. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema data za nyumba ile zimeharibika, na kwamba itabidi tuulize na nyumba nyingine. Nilimwambia nimekuja na taarifa, na pia nimekuja na maneno yangu mwenyewe: vidonge vyao vikatwe, ziara zisikatwe. Akaniuliza kama naelewa kwamba ziara zina gharama na wale si wa utafiti tena. Nikamjibu kwamba wametupa miili yao kwa nia safi na wametuambia ukweli tulipouliza, na kwamba mtaa mzima utatazama tutakavyowafanya. Alipovua miwani tena, nilijua ameshakubali.

Alibishana na watu wa ng'ambo kwa simu siku kadhaa, mlango umefungwa, na sauti yake ikisikika mpaka ngazini. Alitoka akasema vidonge basi, ziara ziendelee, na habari yenyewe iandikwe kwenye ripoti ilivyotokea. Hiyo ndiyo sababu ninamheshimu daktari yule mpaka leo, ingawa mwandiko wake ni aibu kwa taaluma.

Nilirudi Jang'ombe nikachukua chupa zangu mbili. Saumu alinikabidhi yake kwa mikono miwili. Alikuwa anaogopa, na aliniambia anaogopa. Nikamwambia nami pia, lakini nitakuja kila wiki.

Nilikwenda kila wiki. Idi ikapita. Wiki chache baadaye nilimkuta Saumu amekaa kizingitini, kichwa kinamuuma, amekikaza kwa kitambaa. Alisema ni jua tu, na kwamba bangili zimekataa kuvuka kiganja. Nilimpeleka chooni, nikamkalisha, nikanyamaza, nikapima. Juu sana. Nikangoja, nikipigania uso wangu usiseme kitu. Nikapima tena, na kipimo cha pili kilikuwa juu kuliko cha kwanza. Hakuna ngazi kwenye nyumba ile.

Nilisema twende spitali sasa hivi. Jirani aliyekuwapo akasema tumngoje kwanza mumewe aseme, na simu ya mume ilikuwa haipokelewi, maana mpishi saa zile yuko jikoni. Saumu alinitazama mimi, kisha akamtazama wifi yake. Maryam alikuwa na tumbo lake limefika kidevuni, na hata kuinuka ilikuwa kazi. Aliinuka, akatwaa buibui la Saumu msumarini.

"Kaka yangu n'tamjibu mimi," alisema. "Vaa, wifi."

Nilipiga simu ofisini gari ikaja. Spitali walimchoma sindano ya kuzuia kifafa, wakampasua usiku uleule. Mtoto wa kike alitoka mdogo, mwenye sauti kubwa. Saumu hakuanguka wala hakutetemeka. Alizinduka, akauliza, akaletewa. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, na nililia bila kujificha. Maryam alijifungua wiki iliyofuata, kwa urahisi wake na kelele zake.

Utafiti ulikuwa wa nchi nyingi na matokeo yake mtayasoma wenyewe. Nyumba ile haikuhesabiwa ndani yake. Jambo nililolisimamia ni kwamba washiriki wetu wasije wakasikia habari zao mwisho, baada ya mikutano yote ya dunia. Tuliwaita kliniki ya Jang'ombe, tukaweka kahawa na kashata, Daktari Salim akaeleza, kisha kila aliyetaka akaambiwa peke yake chupa yake ilikuwa na nini. Kazi hiyo ya mwisho nilipewa mimi. Ndiyo siku niliyojivunia kuliko zote, kuona wanawake wale wamekaa mbele, wanauliza maswali magumu, na daktari anatoka jasho.

Wifi wawili waliingia kwangu pamoja, kila mmoja na mwanawe mapajani. Nikawaambia. Chupa ya Maryam ilikuwa na vidonge vitupu. Chupa ya Saumu nayo ilikuwa na vidonge vitupu.

Maryam alicheka mpaka mtoto akaanza kulia. "Kumbe kisu changu chote kile n'nakata chaki!"

Saumu hakucheka. Alikuwa anafikiri. Aliniuliza kama Maryam alijua. Nikamwambia hakujua, hata mimi sikujua.

"Yaani alikuwa akijua huenda yake ndiyo dawa."

"Naam."

"Na akinipa nusu." Alimrekebisha mtoto kofia. "Basi usiandike kwamba ilikuwa tupu, Bi Zuwena."

Nilikuwa nimeshaandika. Ripoti ilitaka hivyo na ndivyo vidonge vilivyokuwa, vya unga usio na kitu, na ningeulizwa tena leo ningeandika hivyohivyo. Lakini ripoti ilikuwa na nafasi ya neno moja tu, na Perpetua, aliyelala sasa kwenye makaburi ya kwao, alinifunza niandike nilichokiona. Niliona sahani ndogo kati ya sahani za futari, na mwanamke mwenye mtoto tumboni, ameshika kisu, anamkatia wifi yake nusu ya kinga ya mwanawe. Hilo nililiona kwa macho yangu, na leo nafasi ninayo, naliandika.